Kupokea Majibu Kutoka kwenye Kibodi

Programu za kwanza anazoandika mwanafunzi kwa kawaida husema tu, hazisikii. Huchapa salamu, hujumlisha namba mbili zilizokwisha kuandikwa ndani yake, kisha hufunga. Ziendeshwe mara kumi, zitatoa jibu lilelile mara kumi. Programu huanza kumfaa mtu mwingine pale inapoweza kumuuliza jambo, kumngoja ajibu, na kulifanyia kazi jibu lake. Katika Python, lugha ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991 na ambayo leo hufundishwa kwa wanaoanza katika shule na vyuo vingi duniani, kazi hiyo hufanywa na amri moja, input().

    jina = input("Jina lako nani? ")
    print("Karibu,", jina)

Python ikifika kwenye mstari wa kwanza huchapa swali lililo ndani ya mabano, kisha husimama. Mstari wa pili hauguswi mpaka mtu ajibu. Mtu akiandika Mwanaidi na kubonyeza Enter, neno hilo huwekwa kwenye kigeu kiitwacho jina, programu inaendelea, na skrini inaonyesha: Karibu, Mwanaidi. Alama ya sawasawa hapo haina maana ya usawa wa hesabu. Inaagiza kwamba kitakachopatikana upande wa kulia kihifadhiwe chini ya jina lililo upande wa kushoto. Anayesahau kuandika jina la kigeu na alama hiyo hapati kosa lolote: swali linaulizwa, jibu linatolewa, kisha linapotea kwa kuwa halikuwekwa mahali.

Swali huchapwa jinsi lilivyoandikwa, bila nyongeza. Python haiweki alama ya kuuliza wala haiachi nafasi baada yake. Ndiyo sababu mfano wa hapo juu una nafasi moja kabla ya alama ya kufunga nukuu. Ikiondolewa, jibu linabanana na swali na mstari unasomeka Jina lako nani?Mwanaidi. Mabano yanaweza pia kuachwa matupu, na Python haitalalamika. Lakini hapo programu inasimama kimya, kishale kinawaka na kuzima, na mtumiaji anadhani kompyuta imekwama. Wapo wanaoifunga programu nzima wakati huo, kumbe ilikuwa inawasubiri wao. Hakuna sababu ya maana ya kumfanyia mtu hivyo. Kila mahali programu inapongoja, imwambie mtumiaji inangoja nini.

Muda wote mtu anapochapa, Python yenyewe haijui lolote. Herufi zinazotokea kwenye skrini zinashughulikiwa na terminali pamoja na mfumo wa uendeshaji, ambao hukusanya herufi hizo kwenye akiba ya muda mpaka mstari ukamilike. Mtu akikosea na kubonyeza kitufe cha kufuta, herufi inaondolewa kwenye akiba hiyo na programu haitajua kamwe kwamba iliwahi kuwepo. Enter ndiyo inayofunga mstari. Baada ya hapo Python inakabidhiwa mstari mzima kwa mkupuo, inaukata alama ya mwisho wa mstari, na kuuweka kwenye kigeu. Kwa hiyo input() haifai kwa mchezo ambao gari linapaswa kukata kushoto mara tu mshale unapobonyezwa. Kazi hiyo ina maktaba zake, mojawapo ikiwa Pygame. Amri hii ni ya maswali na majibu.

Kwenye kompyuta za Linux, mgawanyo huu wa kazi huleta jambo linalowasumbua wengi. Mtu anayejibu swali la programu anataka kurudi nyuma kurekebisha herufi moja, anabonyeza mshale wa kushoto, na badala ya kishale kusogea, kwenye mstari zinatokea alama ^[[D. Hakuna kilichoharibika. Terminali inatuma mshale kama mfululizo wa alama tatu, na hapo hakuna aliyepewa kazi ya kuzitafsiri. Dawa yake ni mstari mmoja tu juu ya programu, import readline, na kuanzia hapo mishale inafanya kazi, hata ule wa juu unaorudisha majibu yaliyotangulia. Kwenye Windows maktaba hiyo haipo wala haihitajiki, kwa kuwa dirisha la amri lina uwezo huo lenyewe.

Tabia ya kusoma mstari kwa mstari ni ya zamani kuliko Python. Lugha ya BASIC, mama wa lugha nyingi za wanaoanza, iliendeshwa kwa mara ya kwanza alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, na walioibuni ni walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz. Shabaha yao ilikuwa kumwezesha mwanafunzi asiyesoma sayansi naye atumie kompyuta. Wanafunzi walikaa mbele ya mashine za teletaipu zilizochapa kwenye karatasi, na kilichokwisha kuchapwa karatasini hakikufutika. Katika toleo la kwanza BASIC haikuwa na njia ya kumuuliza mtu kitu programu ikiwa inaendelea. Namba zote ziliandikwa ndani ya programu yenyewe kwa amri ya DATA na kuchukuliwa kwa amri ya READ. Amri ya INPUT iliongezwa katika toleo la tatu, mwaka 1966. Ilipofikiwa, mashine ilichapa alama ya kuuliza na kungoja. Vizazi vya watoto waliojifunza kompyuta nyumbani katika miaka ya 1980 walianzia kwenye alama hiyo ya kuuliza, na input() ya Python imerithi kazi na jina la amri hiyo ya INPUT.

Sasa kuna kanuni moja ambayo sura hii yote inaizunguka: kinachotoka kwenye kibodi ni maandishi, siku zote. Mtu akibonyeza 5, Python haipokei namba tano. Inapokea maandishi yenye alama moja, ambayo kwa bahati ni tarakimu. Programu hii fupi inaonyesha matokeo yake:

    a = input("Namba ya kwanza: ")
    b = input("Namba ya pili: ")
    print(a + b)

Mtumiaji akijibu 5, kisha 7, programu inachapa 57. Kwa Python, alama ya kujumlisha kati ya maandishi mawili ina kazi ya kuyaunganisha, kwa hiyo imefanya ilichoagizwa. Kosa la namna hii ni baya kuliko lile linalokatisha programu, kwa sababu hakuna onyo lolote na jibu linaonekana kama jibu. Kwenye kuzidisha mambo huwa mabaya zaidi: kama bei imepokelewa kama maandishi 500 na idadi ni namba 3, bei * idadi inatoa 500500500. Katika kulinganisha, Python huyapima maandishi alama kwa alama kuanzia kushoto, kama kamusi inavyopanga maneno, hivyo 100 linahesabiwa kuwa dogo kuliko 35 kwa kuwa 1 inaitangulia 3. Programu inayopanga alama za mtihani kwa njia hiyo itamshusha mwanafunzi aliyepata zote mia chini ya aliyefeli, na mwalimu aliyechoka anaweza kuibandika orodha hiyo ukutani bila kugundua.

Mwanafunzi huuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini Python isitambue yenyewe kwamba 5 ni namba. Jibu ni kwamba iliwahi kufanya hivyo, na ikaleta matatizo. Katika Python 2, input() ilichukua chochote alichoandika mtu na kukitekeleza kana kwamba ni sehemu ya programu. Aliyeandika 5 alipata namba tano, na aliyeandika 5 + 7 alipata kumi na mbili. Lakini tazama mchezo wa kubahatisha namba, ambapo namba iliyofichwa imewekwa kwenye kigeu kinachoitwa siri. Mchezaji anaulizwa akisie. Badala ya namba anaandika neno siri, Python 2 inakwenda kuangalia thamani ya kigeu hicho, inailinganisha na yenyewe, na mchezaji anatangazwa mshindi kwenye jaribio la kwanza. Kwenye mchezo hilo ni la kuchekesha. Kwenye programu ya ofisi, mlango huohuo ulitosha kumruhusu mtu kufuta mafaili kwa kuandika amri mahali alipoombwa umri wake.

Kwa ajili hiyo Python 2 ilikuwa pia na amri ya pili, raw_input(), iliyorudisha maandishi matupu bila kuyatekeleza, na waandishi makini walitumia hiyo. Python 3 ilipotoka Desemba 2008, mtindo ule wa hatari uliondolewa, na jina input() likapewa tabia ya raw_input(). Python 2 yenyewe iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, ila masomo na vitabu vilivyoandikwa wakati wake bado vinazunguka. Anayenakili mfano wenye raw_input na kuuendesha kwenye Python ya sasa ataambiwa NameError, yaani jina hilo halijulikani. Atoe raw_ na mstari huo utaenda.

Kazi ya kugeuza maandishi kuwa namba, basi, ni ya mwandishi wa programu. Amri mbili zinatosha kwa mahitaji mengi: int() kwa namba kamili na float() kwa namba zenye desimali. Muuza nyama anayetaka programu ya kupiga hesabu ya mteja anaweza kuanza hivi:

    bei = int(input("Bei ya kilo moja: "))
    kilo = float(input("Kilo ngapi? "))
    print("Jumla:", bei * kilo)

Mistari kama hiyo husomwa kutoka ndani kwenda nje. Mabano ya ndani yanauliza na kupokea maandishi, ya nje yanayageuza, kisha matokeo yanapewa jina. Bei ikiwa 12000 na kilo 2.5, jumla ni 30000.0. Ile sifuri ya mwisho inaonyesha kwamba jibu limetoka kwenye hesabu ya desimali.

Amri ya int() inavumilia baadhi ya mambo na kukataa mengine, na inafaa mpaka huo ujulikane vizuri. Nafasi kabla au baada ya namba hazina shida. Alama ya kutoa mbele inakubalika. Lakini 2.5 inakataliwa, neno kumi linakataliwa, na jibu tupu, la mtu aliyebonyeza Enter bila kuandika kitu, linakataliwa pia. Linalowagusa zaidi watumiaji wa Afrika Mashariki ni kwamba 12,000 inakataliwa kwa sababu ya mkato, na 12000/= inakataliwa kwa sababu ya alama ya shilingi ambayo wenye maduka wengi huiandika bila hata kufikiri. Programu inakatika hapohapo, na mteja akiwa amesimama mbele ya mizani, skrini inaonyesha mistari kadhaa ya Kiingereza inayoishia na hii:

    ValueError: invalid literal for int() with base 10: '12,000'

Ujumbe huo umeandikwa kwa ajili ya mwandishi wa programu. Humwambia kwamba thamani iliyoletwa haifai kugeuzwa kuwa namba kamili, na kati ya alama za nukuu humwonyesha hasa ni kitu gani kilicholetwa, jambo ambalo ni msaada mkubwa anapotafuta kosa. Muuza nyama hakupaswa kuuona kabisa. Bei aliyoiandika ni sahihi. Programu ndiyo iliyoshindwa kuisoma.

Python hutoa njia ya kujaribu jambo linaloweza kushindikana na kueleza mapema la kufanya likishindikana. Maneno yake ni try na except. Yakiwekwa ndani ya kitanzi, programu inaweza kuuliza tena mpaka ipate jibu linalotumika, na yote hayo yanaweza kufungwa katika amri mpya ambayo mwandishi anaipa jina mwenyewe:

    def soma_fedha(swali):
        while True:
            jibu = input(swali)
            jibu = jibu.replace(",", "").replace("/=", "")
            try:
                kiasi = int(jibu)
            except ValueError:
                print("Andika kiasi kwa tarakimu, mfano 12000.")
                continue
            if kiasi <= 0:
                print("Kiasi lazima kizidi sifuri.")
                continue
            return kiasi

Maneno while True yanafungua kitanzi kisicho na mwisho wake. Kinachoitoa programu humo ni return peke yake, ambayo haifikiwi mpaka jibu lipite vipimo vyote. Kwanza mikato na alama ya shilingi vinaondolewa. Kisha int() inajaribu. Ikishindwa, Python inaruka hadi kwenye except, ujumbe unachapwa, na continue inairudisha programu juu kuuliza upya. Ikifaulu, bado kuna kipimo cha pili, maana namba inaweza kuwa sahihi kwa Python na isiwe na maana dukani: bei ya kutoa mia tano ni namba halali kabisa. Baada ya kazi hiyo kufanywa mara moja, kila mahali panapohitaji fedha panatosha mstari kama bei = soma_fedha("Bei ya kilo moja: ").

Neno ValueError baada ya except lisiachwe. Except iliyo tupu hukamata kila kosa, pamoja na makosa ya mwandishi mwenyewe, kama jina la kigeu lililokosewa herufi. Hapo programu itazunguka bila kikomo ikimlaumu mtumiaji kwa jambo ambalo hakulifanya, na hata Ctrl na C, njia ya kawaida ya kuikatisha, haitafua dafu ikiwa amri ya kuuliza nayo imo ndani ya try hiyo. Ujumbe wenyewe nao unahitaji uangalifu. Neno Kosa! peke yake halimsaidii mtu. Mfano mmoja wa jibu linalokubalika humsaidia mara moja.

Kuondoa mkato kuna hatari yake, na inategemea programu itatumika wapi. Tanzania na Kenya mkato hutenganisha maelfu. Lakini Kongo na Burundi, ambako shule zimefuata mtindo wa Kifaransa, mkato ndio alama ya desimali, na mtu wa Bukavu akiandika 2,5 ana maana ya mbili na nusu. Programu ikiufuta mkato huo kilo zake zinakuwa ishirini na tano. Kwa hiyo soma_fedha inafaa kwa shilingi zisizo na senti na isitumiwe kusomea kilo. Kwenye kilo ni salama zaidi kumwomba mtumiaji atumie nukta na kumwonyesha mfano ndani ya swali lenyewe. Amri ya float() nayo ina jambo la kuangaliwa: inakubali maandishi nan, ambayo maana yake ni kitu kisicho namba, na thamani hiyo ikilinganishwa na sifuri kwa kuulizwa kama ni ndogo, jibu ni hapana, hivyo inapenya kwenye kipimo cha if kilo < 0. Ni nadra mtumiaji wa kawaida kuiandika, ila kipimo kilichogeuzwa, kinachokubali tu kilo zinazozidi sifuri na kukataa vingine vyote, kinaizuia bila gharama yoyote.

Baadhi ya vitabu hufundisha kukagua jibu kwanza kwa jibu.isdigit(), inayouliza kama alama zote ni tarakimu, ndipo igeuzwe. Njia hiyo inaonekana nyepesi, lakini haikubaliani na int() kila mahali. Inakataa -5 kwa sababu ya alama ya kutoa, inakataa namba yenye nafasi pembeni, na inakubali tarakimu ndogo ya kipeo cha pili, ², ambayo int() haiwezi kuigeuza. Kujaribu kugeuza na kuwa tayari kwa matokeo ni uhakika zaidi, kwa kuwa anayekagua ndiye huyohuyo anayegeuza.

Kabla ya kugeuza chochote, lakini, mwandishi ajiulize kama kinachosomwa ni namba kweli. Namba ya simu inaitwa namba, ina tarakimu tupu, na bado isipelekwe kwa int() kamwe. Namba za simu za Tanzania, Kenya na Uganda zikiandikwa kwa mtindo wa ndani huanza na sifuri, na int() huitupa sifuri hiyo: 0712 inakuwa 712. Namba ya mtahiniwa, ya kitambulisho na ya akaunti ya benki ziko hivyohivyo. Kipimo rahisi ni kuuliza kama kuna siku mtu atajumlisha vitu hivyo. Hakuna anayejumlisha namba za simu, basi zibaki maandishi.

Maandishi nayo yana usumbufu wake, na mwingi hutokana na ukweli kwamba Python hulinganisha kwa ukali kamili. Kwake Ndiyo, ndiyo, NDIYO, na ndiyo yenye nafasi mwishoni ni vitu vinne tofauti. Desturi nzuri ni kulisafisha jibu mara linapoingia, kwa input("Uendelee? ").strip().lower(), ambapo strip() inaondoa nafasi za mwanzo na mwisho na lower() inageuza herufi zote kuwa ndogo. Watu wengi huandika ndio badala ya ndiyo, wengine n tu, na programu inayotaka kutumika iwakubali wote:

    if jibu in ("ndiyo", "ndio", "n"):

Ipo tofauti nyingine ambayo jicho haliioni. Kibodi ya kompyuta huandika ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka. Programu za kuandikia barua na baadhi ya kibodi za simu hubadilisha ritifaa hiyo kuwa ile iliyopinda, na neno likawa ng’ombe. Msomaji anaona neno lilelile. Python inaona alama mbili zisizohusiana, na ikiulizwa kama maneno hayo ni sawa itajibu False. Programu ya kumbukumbu za mifugo iliyojazwa na watu wawili, mmoja akichapa na mwingine akinakili kutoka kwenye barua, itahesabu ng'ombe wa aina mbili. Programu yoyote inayopokea maneno ya Kiswahili ingefaa iwe na mstari kama huu mapema:

    neno = neno.replace("’", "'")

Vitabu vingi vya Python vimeandikwa kwa watu ambao lugha yao haina ng', na ndiyo maana mstari huo haumo.

Wakati mwingine jibu ni safi na tatizo liko kwenye swali. Programu ya zahanati inayouliza Mgonjwa aje saa ngapi? na kupokea 2 imepokea namba nzuri isiyoeleweka. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hiyo ni saa mbili, huenda ya asubuhi, na kompyuta inaiandika 08:00. Kwa aliyezoea kusoma saa ya simu ni 14:00 au hata 02:00. Hakuna amri ya Python inayoweza kuamua. Swali ndilo linapaswa kuamua, ama kwa kutaja mtindo, mfano Saa (andika kama 08:00 au 14:30), ama kwa kuuliza saa na sehemu ya siku mbalimbali kisha programu yenyewe iongeze yale masaa sita. Tarehe nazo zina shida ya jinsi hiyo: 3/4 ni tarehe tatu Aprili hapa kwetu na tarehe nne Machi kwa Mmarekani, hivyo ni heri kuomba siku, mwezi na mwaka kwa maswali matatu.

Yapo mazingira ambapo maswali mengi yanachosha, na mtumiaji angependa kuandika vitu kadhaa kwenye mstari mmoja. Amri ya split() hukata maandishi penye nafasi na kutoa orodha ya vipande:

    alama = [int(k) for k in input("Alama zote: ").split()]

Mwalimu akiandika 67 45 88 anapata orodha ya namba tatu tayari kwa kutafutiwa wastani. Nafasi mbili au tatu mfululizo hazileti shida. Kama vipande vinatenganishwa kwa mkato, mkato unatajwa ndani ya mabano, split(","). Kipande kimoja kikiwa kibovu mstari mzima unashindwa, kwa hiyo hapa pia try na except zinahitajika.

Neno la siri lisisomwe kwa input(), maana kila herufi itaonekana na aliyesimama nyuma. Python huja na maktaba ya getpass; baada ya import getpass, mstari siri = getpass.getpass("Neno la siri: ") unauliza vilevile ila skrini haionyeshi kinachochapwa. Mtumiaji aambiwe hivyo, la sivyo atadhani kibodi imekufa.

Mwisho, jibu linaweza lisije kabisa. Mtu akibonyeza Ctrl na C programu inakatizwa kwa kosa liitwalo KeyboardInterrupt. Akibonyeza Ctrl na D kwenye Linux au Mac, au Ctrl na Z kisha Enter kwenye Windows, anatangaza kwamba hana zaidi la kusema, na input() inatoa EOFError. Kosa hilo la pili huonekana zaidi pale majibu yanapotoka kwenye faili, kwa kuwa programu inaweza kuendeshwa kwa python3 duka.py < majibu.txt, na input() itasoma mistari ya faili mmoja baada ya mwingine kana kwamba kuna mtu anachapa. Ni njia bora ya kuijaribu programu mara nyingi bila kuandika majibu yaleyale kila mara. Mistari ikiisha na programu bado inauliza, EOFError inatokea, na kitanzi kinachokamata ValueError peke yake kitakatika hapo. Programu inayotegemea kusoma mistari isiyojulikana idadi yake iachane na input() na kutumia for mstari in sys.stdin, baada ya import sys. Kitanzi hicho husimama chenyewe data zinapokwisha, ila kila mstari huja pamoja na alama yake ya mwisho, na kuiondoa kwa strip() ni kazi ya mwandishi.